Siku Niliyoona Aibu ya Sabuni

Siku ya kuniaga walikata keki yenye picha ya spana, ingawa katika miaka thelathini na minne kiwandani spana ndiyo kitu nilichotumia kidogo kuliko vyote. Baada ya keki, kijana wa ofisi ya mafunzo, Kelvin, akaniomba niandike kurasa mbili za kuwasaidia mafundi wadogo. "Changamoto na mafanikio, Mzee Isaya," akasema. "Na kitu cha kutia moyo pale mwisho." Nikamwambia sawa. Ukishastaafu unasema sawa kwa kila kitu, maana hakuna anayekuja kukagua.

Sasa nimekaa chini kuandika. Kurasa mbili zitapita na sitakuwa nimemtia mtu moyo. Nitaandika juu ya kontrola za gesi, kwa sababu ndizo nilizozijua, na juu ya mama mmoja, Roselyne Kageha, opereta wa tanuri, aliyefutwa kazi kwa sababu ya kontrola moja. Kwa faili lake pale ofisini imeandikwa kwamba alikuwa mzembe. Alipojaribu kuandikwa kwingine hapa mjini, walipiga simu kuuliza habari zake, wakasomewa neno hilo hilo. Kwa hivyo anayetaka ya kutia moyo arudie ile keki.

Kiwanda chetu, kwa asiyekijua, kinatengeneza vyuma vya shamba: majembe ya plau, na visu vya mashine za kukatia ng'ombe nyasi. Kisu kikishachongwa huingizwa tanurini kupewa ugumu. Ndani ya tanuri hewa haitakiwi. Tunaifukuza kwa naitrojeni, halafu tunaongeza gesi nyingine kidogo, ndugu ya ile ya kupikia, ili chuma kinywe kaboni usoni. Ikipungua hiyo kidogo, kisu kinajikunja kwa bua la mahindi. Ikizidi, kisu kinakuwa kigumu kama glasi na kinavunjika kama glasi. Kinachopima hiyo kidogo ni kontrola: kisanduku cha ukubwa wa kopo la majani chai, gesi inaingia huku na kutokea kule. Ndani mna kipaipu chembamba sana kinachopashwa joto. Gesi ikipita inabeba joto, kisanduku kinahesabu joto lililobebwa, kinajua gesi ni kiasi gani, kisha kinafungua au kubana valvu yake ndogo ya umeme. Ni hivyo tu. Injinia atajaza ubao mzima akikueleza hayo, na ukimpa bisibisi atauliza ishikwe upande gani.

Siku ya kwanza nilifika na cheti cha chuo ndani ya bahasha, nimevaa tai. Nikapelekwa karakana ya vyombo, chumba kimoja chenye dirisha dogo, na ndani yake Mzee Karanja, mtu wa Subukia, mfupi, miwani imefungwa kwa waya. Nikampa cheti. Akakiangalia mbele na nyuma. Kisha akakitandaza mezani na kuweka juu yake skrubu ndogo sita alizokuwa ametoa kwa kontrola.

"Karatasi nzuri," akasema. "Nyeupe. Skrubu zinaonekana."

Cheti changu kilifanya kazi hiyo mpaka mwaka ukaisha, na sijawahi kukitumia kwa kazi nyingine yenye maana zaidi.

Karanja alikuja kila asubuhi na chupa ya maziwa ya ng'ombe wake, akachemsha chai kwa jiko la umeme ambalo lilikuwa limekatazwa, na kabla hajamaliza kikombe hakujibu mtu, hata mkurugenzi. Baada ya hapo alifundisha. Alikuwa na imani moja, kwamba kontrola ndiyo ya mwisho kushukiwa. Watu wa uzalishaji wakija mbio, "kontrola imekufa, kontrola imekufa", yeye anauliza kama gesi iko kwa mtungi. Wanakwenda kuangalia. Mara nyingi haiko. Kama iko, anauliza presha. Kisha kichujio. Kisha viungo vya paipu, kimoja kimoja, kwa chupa ya soda yenye maji ya sabuni na brashi ya kupakia rangi. Unapaka, unangoja. Povu likivimba, gesi inatoka.

"Skrini ni ya meneja," aliniambia. "Wewe amini povu. Povu halina cheo cha kulinda."

Jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa kuweka sifuri. Kontrola, ikikaa, husahau. Inabidi mara kwa mara uikumbushe kwamba hali hii, bila gesi kupita hata chembe, ndiyo sifuri. Kwa hivyo unafunga valvu ya mkono iliyo kwenye paipu, unaiacha kontrola nusu saa ipate joto lake, unalegeza kiungo kilicho baada ya valvu na kupaka sabuni uhakikishe hakuna kinachopita, ndipo unakaza na kubonyeza kitufe. Ukibonyeza gesi ikipita, umeifundisha uongo, nayo itausema huo uongo kila siku kwa uaminifu mkubwa. Karanja alinifanyisha hayo hatua kwa hatua, mara ishirini au zaidi, akiwa amesimama nyuma yangu anapuliza chai. Nilipojaribu kuruka ile ya sabuni alinipiga brashi kisogoni, nayo ilikuwa imelowa.

Niseme kidogo kuhusu Jumamosi, kwa sababu najua bado mnafanya. Kila Jumamosi saa sita mashine huzimwa kwa usafi. Usafi kwetu maana yake ni kuchukua mpira wa kompresa na kupuliza upepo kila mahali: mashine, sakafu, ovaroli, nywele. Vumbi linatoka kwa mashine hii na kukaa kwa ile, watu wanapigana picha, wanakwenda nyumbani wameridhika. Mwaka mmoja kontrola nne zikaanza kusoma namba za vichekesho. Meneja wa wakati ule akaagiza mpya kutoka ng'ambo, akaandika na barua ndefu ya kulalamikia watengenezaji. Karanja akafungua moja. Ndani ya kile kipaipu mlikuwa na mafuta ya kompresa, safi kabisa, unaweza kukaangia yai. Opereta mmoja mwenye bidii alikuwa akifungua viungo kila Jumamosi na kuzipuliza ndani, zing'ae. Alikuwa amepewa zawadi ya mfanyakazi nadhifu. Karanja alikwenda ofisini akaweka ile kontrola juu ya barua ya meneja, ikaacha doa la mafuta, akarudi kunywa chai yake.

Halafu kulikuwa na mtaalamu. Huyu alitoka Mombasa na sanduku lenye sponji ndani, na kwenye sponji bomba la glasi la kupimia gesi. Akapima kontrola zetu zote siku mbili. Kontrola ikisema kumi, glasi yake inasema kumi na mbili na zaidi kidogo. Zote hivyo. Akajaza fomu nyekundu kwamba kiwanda kizima kimeharibika, akaomba gari la kumpeleka ziwani kuona flamingo.

Karanja akamuuliza, "Boss, ushawahi kupika maharagwe hapa Nakuru?"

Mtaalamu akasema hajawahi kupika maharagwe popote.

"Hapa yanachelewa kuiva. Tuko juu, hewa ni nyepesi. Gesi ikitoka inatanuka. Kontrola inahesabu uzito, glasi yako inahesabu nafasi. Hakuna aliyekosea, ila wewe na fomu."

Yule bwana akaandika yote kwa daftari. Baada ya wiki mbili ripoti ikaja imepigwa chapa vizuri, na yale maneno ya Karanja yote yamo chini ya jina la mtaalamu, isipokuwa maharagwe.

Nimeandika haya mjue nilifundishwa na nani. Sikufundishwa vibaya. Karanja alipostaafu aliniachia chupa, brashi na ile karakana, na mimi nikawa ndiye wa kungojwa amalize chai. Hapo ndipo nilipoharibika, na ilichukua muda kwa sababu nilikuwa hodari kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana. Injinia wapya walipokuja na laptopu nilikuwa nawaacha waunganishe nyaya asubuhi nzima, halafu nafungua mtungi uliokuwa umefungwa. Nilikuwa nawaita watu wa tanuri wapishi. Nilikuwa na jina la kejeli kwa kila mtu kiwandani, na mengi yalikuwa mazuri, bado watu wanayatumia.

Miaka minne kabla sijastaafu ikaja oda kubwa ya visu. Wanunuzi wakaja kuona kiwanda, mabwana watano na bibi mmoja, wamelala hoteli ya Milimani, wamepewa kofia ngumu ambazo hazijawahi kuguswa na jasho. Asubuhi hiyo hiyo kontrola ya ile gesi ya kaboni ilikuwa imekufa kweli, nikawa nimefunga nyingine mahali pake na imefika wakati wa kuiweka sifuri. Meneja wa uzalishaji akawaleta mpaka nilipo. "Huyu ni Mzee Isaya," akasema, "ndiye daktari wa vyombo vyetu." Wakanisogelea kutazama.

Nilikuwa nimefunga valvu ya mkono. Mkono wake ulikuwa umelala kukata paipu, ishara kwamba imefungwa. Kontrola ilikuwa imeshapata joto. Kilichobaki kilikuwa sabuni. Na chupa yangu ya soda ilikuwa pale sakafuni, kuukuu, lebo imechubuka, brashi imejaa manyoya ya paka wa stoo. Nikaitazama ile chupa, nikamtazama yule bibi mwenye kofia ngumu, nikaona haya. Kampuni ilikuwa imenipa tableti mpya ya kuziamuru kontrola. Nikaisukuma chupa kwa kiatu nyuma ya mtungi, nikatoa tableti, nikabonyeza sifuri. Skrini ikaonyesha sifuri. Bila shaka ilionyesha sifuri, nilikuwa nimeiamuru. Wageni wakaitikia kwa vichwa. Mimi, niliyemcheka kila mtu aliyeamini skrini, niliwaonyesha skrini.

Wiki ile ile Roselyne akaniita. Mjue huyu mama. Sisi tulimwita Mama Brenda. Baba yake alikuwa mtu wa reli aliyekuja Nakuru kutoka Vihiga na hakurudi, na yeye alikuwa amechunga tanuri lile miaka kumi na moja. Juu ya tanuri kuna bomba ambako gesi iliyotumika huchomwa, na pale huwaka moto mdogo siku nzima. Mambo yakiwa sawa huo moto ni mfupi na mweupe mweupe, huuoni vizuri. Yeye aliutazama kila akipita, jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyelala.

"Fundi, kuja uone moto," akasema.

"Moto una nini?"

"Umekuwa mrefu. Na unaleta manjano, na hapa juu kuna masizi. Ni tangu siku ya wageni."

Mimi sikuangalia juu. "Skrini inasema nini?"

"Inasema ni sawa."

"Basi ni sawa."

"Lakini skrini haioni moto, Fundi."

Hapo wenzake wawili walikuwa wamesimama karibu. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Brenda, moto wa kuangaliwa na macho ni wa ugali. Huku tunasoma namba." Wakacheka. Nilipenda walivyocheka, siwezi kudanganya. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Akaenda akaandika kwa kitabu cha shifti: moto manjano, masizi, gesi imezidi, nimemwambia fundi. Na mimi, kesho yake, nikaandika chini yake: kontrola iko sawa, opereta aache kukisia. Nikaweka sahihi yangu kubwa, ile yenye mkia.

Visu vikatoka, vikapakwa rangi, vikaenda. Hazikupita wiki nyingi mzee mmoja mkulima wa upande wa Sachangwan akafika getini na kitu kimefungwa kwa gazeti. Kilikuwa nusu ya kisu chetu. Mashine yake ilikuwa imekutana na kijiwe kidogo ndani ya nyasi, kisu kikavunjika vipande viwili, kipande kimoja kikatoboa mabati ya zizi kikatokea upande wa pili. Mke wake alikuwa ameinuka pale sekunde chache tu kabla, kwenda kuchota maji. Mzee huyo hakupiga kelele. Aliweka kile chuma juu ya meza ya mapokezi akasema, "Nimewaletea kitu yenu." Ndani ya mwezi huo vikaletwa vingine vitatu.

Ikabidi apatikane mtu. Kando ya kontrola kuna kipaipu cha pembeni chenye valvu yake, cha dharura, ambacho ukikifungua gesi inapita bila kupimwa. Meneja akaamua kwamba Mama Brenda alikifungua ili tanuri lijae haraka, amalize shifti mapema. Hakuna aliyemwona akifanya hivyo. Lakini gesi ilizidi, na kama kontrola haikuizidisha, basi ni mkono wa mtu. Hesabu yenyewe ni nzuri kabisa ukikubali mwanzo wake.

Wakaniita kikaoni kama mtaalamu. Tulikuwa meneja, mama wa ofisi ya wafanyakazi, mimi, na Roselyne upande wa pili wa meza, ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili.

"Mama, ulifungua ile valvu ya pembeni?" meneja akauliza.

"Sijafungua. Hiyo valvu hata imeshika kutu, nendeni muangalie."

"Kutu haizuii mtu."

"Nilisema moto umebadilika. Niliandika kwa kitabu."

Kitabu kikaletwa. Mama wa ofisi akasoma alichoandika Roselyne, kisha macho yake yakashuka mstari mmoja, akasoma nilichoandika mimi. Akasoma kwa sauti.

"Mzee Isaya," meneja akasema, "kontrola iko sawa?"

Roselyne akanitazama. Hakunitazama kwa kuomba, aliangalia tu, kama anavyoangalia moto. Nami nilikuwa na nafasi ya kusema ngoja nikaipime tena. Maneno matatu. Kazi ya nusu saa na sabuni ya kufulia.

"Iko sawa," nikasema. "Niliiweka sifuri mwenyewe."

Alifutwa siku hiyo. Mimi nilitia sahihi kama shahidi wa kiufundi, na kwa fomu palikuwa na mahali pa kueleza sababu, wakaandika uzembe.

Opereta aliyekuja baada yake alikuwa kijana wa diploma ambaye hakuwahi kuinua macho kuangalia ule moto, kwa hivyo malalamiko ya moto yaliisha. Masizi hayakuisha. Yalijaa mpaka bomba likaziba, nikaitwa kulizibua. Nilipokuwa juu ya ngazi, uso mweusi, nikikwangua, nikaanza kufikiri, jambo ambalo ningelifanya mapema kama si kuwa na sifa nyingi. Nikashuka. Nikafunga ile valvu ya mkono, mkono ukalala vizuri, imefungwa. Nikalegeza kiungo. Nikaenda kutafuta chupa yangu, nikaikuta bado iko nyuma ya mtungi nilikoisukuma. Nikapaka.

Povu likavimba. Halikuwa na haraka. Lilitoa kiputo kimoja kikubwa, kikapasuka, kikaja kingine.

Valvu ilikuwa imelika ndani. Kwa nje imefungwa, kwa ndani inapitisha gesi. Siku ya wageni nilipobonyeza kitufe gesi ilikuwa inapita, nami nikaiambia kontrola kwamba hiyo ndiyo sifuri. Kuanzia hapo kila kipimo kilikuwa na gesi ya ziada ambayo kontrola haikuihesabu, kwa sababu mimi, daktari wa vyombo, nilikuwa nimeifundisha isiihesabu. Moto ulikuwa manjano kweli. Mama yule alikuwa ameona sawasawa, akaniambia sawasawa, akaandika sawasawa.

Nikabadilisha valvu. Nikaweka sifuri upya kama nilivyofundishwa. Baada ya saa moja nikainua macho, moto ulikuwa mfupi na mweupe mweupe. Kitabuni nikaandika: valvu ya mkono imebadilishwa, hali ni ya kawaida. Nikafunga kitabu.

Na sikumwambia mtu. Vijana mtadhani niliogopa kufukuzwa. Hapana. Wasingenifukuza, walinihitaji. Niliogopa kuchekwa. Niliwaza wale niliowapa majina wakinipa langu, wapishi wa tanuri wakisema kumbe mzee naye, nikaona mtu mmoja kukosa kazi ni jambo dogo kuliko hilo. Sikuliwaza kwa maneno haya, hakuna anayewaza hivyo kwa maneno, lakini ndivyo nilivyofanya, siku moja, kisha siku ya pili, kisha miaka minne. Niliposikia pale kantini kwamba Mama Brenda amekataliwa kiwanda kingine kwa sababu ya neno letu, nilikuwa na tonge la ugali mkononi. Nilichovya mchuzi nikaendelea kula.

Siku ya keki meneja akatoa hotuba. "Mzee Isaya akisema ni sawa," akasema, "ni sawa." Watu wakapiga makofi. Nimechukia watu wengi kiwandani pale, wenye tai, wenye laptopu, wenye fomu nyekundu, lakini sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule aliyekuwa anapigiwa makofi.

Jumamosi iliyopita nilizichukua karatasi hizi, zilizoishia hapo juu, nikaacha nakala nyumbani, nikaenda mtaa wa Rhonda anakoishi Roselyne. Nilimkuta kando ya barabara anakaanga samaki. Akanijua. Akanipa kiti cha plastiki, jinsi ungempa mgeni yeyote, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia sikuja kununua samaki, nikampa karatasi.

Akapangusa mikono kwa leso akasoma akiwa amesimama. Alisoma zote. Pale pa Karanja na cheti alicheka kidogo kwa pua. Alipofika kwa wageni wa Milimani aliacha kucheka, na samaki mmoja akaungua, akamwopoa bila kumtazama.

"Nilijua si mimi," akasema alipomaliza. "Nimekaa miaka minne sijui ni nani. Kuna siku nilikuwa nafikiria labda niliigusa hiyo valvu nikasahau."

"Ni mimi," nikasema.

"Nimesoma, Fundi."

Nikaanza kuongea. Nikamwambia pole, ambalo ni neno dogo na lilisikika dogo. Nikamwambia Jumatatu nitazipeleka mwenyewe, nitamwona meneja, nitamwona mama wa ofisi, wananiheshimu, watanisikiliza, jina lake litasafishwa na kama kuna haki yake atalipwa. Niliongea vizuri sana. Yeye alikuwa anapanga karatasi. Akazigawa mafungu mawili pale siku ya wageni inapoanzia, akanirudishia fungu la kwanza.

"Hizi za Karanja wape vijana," akasema. Kisha akanipa kalamu. "Hizi weka sahihi. Kila moja. Na namba ya kitambulisho."

Nikaweka, kila moja, juu ya goti, na mafuta ya samaki yakaingia pembeni. Akazihesabu, akazitia kwa bahasha aliyowekea vyeti vya watoto wake.

Nikasema, "Basi niruhusu angalau tuende pamoja, Mama Brenda. Ukienda peke yako wanaweza kukataa kukusikiliza."

Akageuza samaki.

"Siku ile nilikuwa nakuhitaji ndani ya hicho chumba," akasema. "Jumatatu wewe kaa nje."

Leo ni Jumatatu. Ameingia geti saa tatu kasorobo, amevaa nguo yake ya kanisani, bahasha mkononi. Mlinzi alitaka kumzuia, yeye akaongea naye kidogo, geti likafunguliwa. Mimi niko ng'ambo ya barabara, kwa benchi la muuza magazeti, namalizia haya. Imeshafika saa tano na hajatoka. Watu wa shifti wanapita wananisalimia, wananiuliza mbona siingii ndani, nami nawaambia nimeambiwa nikae nje.